Imba Mzigo Kwanza: Vidokezo vya Wimbo wa Tangazo la Gari la Bei Nafuu

Barabara ya kutoka Isiolo mjini, nchini Kenya, kwenda Kipsing, na kuendelea hadi Oldonyiro, ni ya vumbi, mawe na mchanga wa laga, yaani mito ya msimu. Mvua ikinyesha kule juu, laga hujaa ghafla na kila mwenye safari anasubiri ng'ambo hadi maji yapungue. Kwa hiyo gari linaloweza kufika Kipsing na kurudi haliwi la mwenyewe peke yake. Litaleta unga na sukari ya duka, litashusha mwalimu, litapeleka mbuzi sokoni, na usiku wa manane dereva ataamshwa amkimbize hospitali mama aliyeshikwa na uchungu.

Sasa tuseme muuza magari wa Isiolo amekuja kwa kikundi chenu cha waimbaji na ombi: tangazo la redio, la kuimbwa, la gari ambalo mwenye duka, mwalimu au chama cha akina mama kinaweza kulinunua bila kuuza zizi zima. Kazi hiyo ni nzuri na inastahili kufanywa vizuri. Haya hapa yatakayokusaidia.

1. Imba mzigo, gari litafuata

Muuzaji atakupa karatasi iliyojaa sifa: ukubwa wa injini, idadi ya milango, kiyoyozi, redio ya skrini. Ipokee kwa heshima, uiweke kando. Asubuhi nenda ukakae stendi Isiolo, pale magari ya kwenda Kipsing na Oldonyiro yanapopakiwa, uangalie kinachopandishwa. Utaona magunia ya mahindi, jerikeni za manjano, godoro lililofungwa kwenye keria, katoni za sabuni, mabati mawili matatu ya mtu anayeezeka, mbuzi aliyefungwa miguu, na juu ya vyote kijana aliyeshika kamba. Hicho ndicho kibwagizo chako, kimejileta chenyewe.

Mama wa Kipsing akisikia tangazo hataulizia nguvu za injini. Atauliza, "Kijana, hilo gari lenu linachukua mbuzi wangapi, na mimi nitakaa wapi?" Wimbo unaojibu swali hilo umeshafanya nusu ya kazi.

Mbinu hii ni ya zamani kuliko redio. Mwaka 1905 Marekani ilipata wimbo ulioitwa "In My Merry Oldsmobile", uliokuja kutumika kulitangaza gari lenyewe. Ukiusikiliza, habari yake ni ya kijana na mchumba wake wakitembea kwa gari, na mashine imekaa nyuma ya mapenzi yao. Na huku kwetu, wanaume wa Kiturkana wana jadi ya kumtungia wimbo ng'ombe dume wanayempenda, wakimsifu pembe, rangi na mwendo. Sanaa ya kusifu kitu kinachobeba maisha ya nyumba tunayo tayari.

2. Usijivunie kuwa wa bei ya chini kuliko wote

Hapa wengi huteleza. Kwa kuwa gari ni nafuu, wanaimba unafuu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Angalia yaliyoikuta Tata Nano ya India. Ilizinduliwa mbele ya dunia Januari 2008, ikajulikana kwa bei yake ya rupia laki moja na kwa sifa ya kuwa gari la bei ya chini zaidi duniani. Wanunuzi hawakumiminika kama ilivyotarajiwa, na uzalishaji ulikoma 2018. Ratan Tata mwenyewe, aliyeliongoza kundi la Tata, alikuja kukiri kwamba kuitangaza kama gari la bei ya chini kabisa lilikuwa kosa. Familia iliyodunduliza kutoka pikipiki hadi gari inataka majirani waone imepanda. Haitaki lebo ya umaskini ibandikwe mlangoni.

Kenya nayo ina somo lake. Mobius Motors, kampuni iliyoanzishwa na Joel Jackson, ilitengeneza gari kwa ajili ya barabara mbovu za Afrika. Toleo lake la kwanza la Mobius II liliuzwa kwa takriban shilingi 950,000, lakini halikuwa na vioo vya madirisha wala kiyoyozi. Wazo lilikuwa jema, na nalipenda hadi leo. Lakini mtu mwenye shilingi laki tisa na nusu mkononi alikuwa pia na uwezo wa kununua gari lililotumika kutoka Japani, lenye vioo vyote. Toleo la 2018 likaja limekamilika zaidi, na bei ikafika milioni 1.3. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba inafilisiwa, kisha muda mfupi baadaye ikasema imepata mnunuzi.

Kwa hiyo bei itaje mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama jambo la heshima. Sehemu iliyobaki ya wimbo ionyeshe kile ambacho bei hiyo inamfanyia mtu.

3. Fanya hesabu ya sekunde 30

Matangazo mengi ya redio ni ya sekunde 30, na mtunzi asiyehesabu hujikuta ana beti tano na nafasi ya ubeti mmoja. Chukua mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa furaha. Sekunde 30 zitakupa mapigo 48, yaani mafungu 12 ya mapigo manne. Kila pigo likibeba mizani mbili, mstari wa mizani nane unaenea katika fungu moja. Kwa hiyo una mistari 12, basi. Washairi wetu wamezoea vipande vya mizani nane tangu zamani, na kumbe vinakaa ndani ya tangazo la redio bila kusukumwa.

Gawa hivi: mistari sita ya mwimbishaji na waitikiaji wakipokezana, miwili ya bei, mmoja wa mahali gari linapopatikana, mmoja wa kupumua bila maneno, miwili ya kufungia kwa kibwagizo. Nambari ya simu isiimbwe. Tarakimu kumi zikisomwa kwa Kiswahili hula mizani zaidi ya 20, karibu mistari mitatu, na hakuna atakayezishika akiwa amebeba kuni. Taja mahali ambapo kila mtu anapajua, mtu aende mwenyewe.

Mfano wa mistari sita ya mwanzo:

*Mbuzi sita, maji tele,*
*Twende, gari linabeba!*
*Na mgonjwa yuko mbele,*
*Twende, gari linabeba!*
*Unga, chumvi na sukari,*
*Twende, gari linabeba!*

Iimbe ukipiga makofi mara nne kwa kila mstari. Utaona kofi linaangukia *mbu*, *si*, *ma*, *te*, na katika kibwagizo kofi la mwisho linaangukia *be*. Ndivyo inavyotakiwa. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito likiangukia pengine, msikilizaji anahisi kitu kimepinda hata kama hawezi kukitaja. Matangazo mengi yaliyotungwa kwanza kwa Kiingereza halafu yakavalishwa maneno ya Kiswahili huharibikia hapo.

4. Anza na koo na viganja

Prodyuza wa studio atataka kuweka ngoma na besi kabla hajasikia lolote. Mwombe asubiri. Uimbaji wa Wasamburu umesimama juu ya sauti: mwimbishaji mmoja, kundi linaloitikia, mivumo ya koo ya morani inayoshika mdundo, makofi, na shanga za akina mama zinazoruka mabegani kila wanaponesa. Huo tayari ni muziki kamili. Waturkana nao wana dansi yao iitwayo edonga, ambapo miguu ya watu wengi ikitua kwa pamoja ardhi yenyewe inageuka ngoma.

Rekodi hayo kwanza. Ukiona bado kuna pengo, ongeza kengele ya ng'ombe, au sauti ya mlango wa gari ukifungwa, au jerikeni tupu ikipigwa kwa kiganja. Gitaa likija liwe la mwisho, na lisipokuja hakuna atakayelikosa.

5. Ruhusa kwanza, maikrofoni baadaye

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona wimbo wa kijiji ukiishia kuuza bidhaa mjini bila kijiji kupata hata soda.

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Wimbo wa mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukitaka kubadilisha maneno ya wimbo maarufu wa bendi fulani uwe wa gari, lazima umpate mwenye haki, na wimbo kuwa wa zamani hakukupi ruhusa. Wengi hudhani wimbo wa jadi, usio na mtunzi anayejulikana, ni wa bure. Sivyo. Tangu 2016 tuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni, na inaitambua jamii yenyewe kuwa mwenye mali. Anayetaka kutumia wimbo wa jamii kibiashara anatakiwa kupata ridhaa yake mapema na kukubaliana nayo kuhusu faida.

Kwa Kipsing maana yake ni hii: kaa na wazee, na kaa na akina mama wanaouimba wimbo wenyewe. Waeleze ni gari gani, la nani, na wimbo utachezwa wapi na kwa muda gani. Andika makubaliano kwa Kiswahili chepesi, yasomwe kwa sauti kwa lugha ya nyumbani, kila upande ubaki na nakala. Malipo yawe ya aina mbili: posho ya siku ya kurekodi, na kiasi kingine kila tangazo linapoongezewa muda. Anayelipwa mara moja tu atausikia wimbo wake redioni miaka mitatu na moyo utamuuma, na atakuwa na haki.

Njia nyepesi zaidi ni kutunga wimbo mpya kwa mtindo wa hapa, mkiwa na waimbaji wa hapa, na majina ya watunzi yakaandikwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mimi ningefuata hiyo.

6. Acha nyimbo za vita

Nyimbo nyingi za morani zina sifa za ushujaa, na ushujaa huo mara nyingi ni wa kuvamia na kuteka ng'ombe wa jirani. Zinasisimua sana, na prodyuza wa Nairobi atazipenda papo hapo. Lakini Isiolo imezika watu kwa sababu ya mifugo na malisho, na wimbo unaomfurahisha mnunuzi wa manyatta moja unaweza kumchoma wa manyatta ya pili. Chagua nyimbo za maji, za maziwa, za baraka, za harusi. Wachungaji wa Samburu huimba wakipandisha maji kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa laga, ng'ombe wakisubiri zamu yao. Mdundo wa kazi ya aina hiyo unafaa sana kwa kitu kinachobeba.

7. Usiahidi laga

Rudi kwenye wimbo wetu wa mfano. Kuna mstari ambao ungeingia vizuri sana: *Mchangani linapita*. Mizani nane kamili, mkazo umekaa sawa, na kila mtu Kipsing angeupenda. Je, ni kweli?

Kama gari ni la magurudumu manne yanayovuta na limeinuka vya kutosha, imba. Kama ni Probox ya kawaida, nyamaza. Toyota iliitoa Probox mwaka 2002 kama gari la kazi na mizigo, na imepata heshima Kenya nzima kwa uvumilivu. Madereva wetu wanaipitisha mahali ambapo walioiunda hawakupafikiria. Lakini Probox ya kawaida inavutwa na magurudumu ya mbele tu, na tumbo lake liko chini. Kwenye mchanga mlaini wa laga itazama, na maji yakiwa yanakuja, abiria watalipa kwa maisha yao.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na maneno yanayoimbwa ni maelezo vilevile. Ila hata sheria isingekuwepo, sababu ya kutosha ni kwamba utakutana na mnunuzi huyo kila siku ya soko.

Kama gari lina nguvu ya kweli, ionyeshe. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, na watu wa Afrika Mashariki walioona magari hayo yakitoka matopeni hawakuhitaji maelezo zaidi. Gari lako litoke Isiolo hadi Oldonyiro na kurudi likiwa limepakia, mbele ya watu, kisha utunge ubeti wa kile kilichotokea.

8. Lugha: moja ya mwili, nyingine za moyo

Kiswahili kibebe habari: bei, mahali, masharti. Hicho ndicho wanachoelewana nacho Msamburu, Mturkana, Mborana, Msomali na Mmeru wanaokutana dukani Isiolo. Kibwagizo kinaweza kuwa na matoleo matatu, kila moja kwa lugha ya redio itakayokicheza. Usitafsiri neno kwa neno. Mpe mzungumzaji wa lugha hiyo maana na mapigo, atunge upya mwenyewe, halafu mtu wa pili asiyehusika akusikilizie, mtunzi huyo asije akawa ameimba kitu ambacho mzee ataona aibu kukisikia mbele ya wakwe.

9. Rekodi walipo waimbaji

Ketebul Music ya Nairobi, ikishirikiana na Abubilla Music ya Uingereza, iliendesha mradi ulioitwa Singing Wells, wa kurekodi muziki wa jadi wa Afrika Mashariki. Walibeba studio hadi vijijini badala ya kuwabeba waimbaji hadi studio. Wewe huna mitambo yao, lakini mpango wao unaweza kuufuata. Mwimbaji aliyefungiwa katika chumba chenye sponji ukutani, saa nne mbali na nyumbani, huimba kama anayejibu maswali ya polisi.

Upepo wa Kipsing ndio adui mkuu. Rekodi alfajiri kabla haujaamka, au ndani ya darasa lililofungwa, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Bati likianza kulia kwa joto, simamisha. Mwimbishaji asimame karibu na maikrofoni, waitikiaji wawe nyuma yake hatua mbili tatu kwa umbo la mwezi mchanga. Rekodi wimbo wote mara kadhaa bila kukatiza. Kisha rekodi makofi peke yake, shanga peke yake, na dakika moja ya ukimya wa mahali hapo, ambayo itakuokoa wakati wa kuunganisha.

Ukimaliza, sikiliza kwa spika ya simu ya kawaida na kwa redio ndogo ya betri. Besi nzito itapotea yote. Kama maneno bado yanasikika, umefaulu.

10. Bei iwe bei

Mistari miwili ya bei isemwe badala ya kuimbwa, kwa sauti ya mtu mzima anayeaminika, na iseme kiasi ambacho mtu atakitoa kweli. Kama usajili, bima na uhamisho wa umiliki kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, havimo, sema havimo. Kama ni kwa mkopo wa sacco, taja malipo ya mwanzo na ya kila mwezi pamoja, kwa sababu ya kwanza bila ya pili ni mtego. Kama gari limetoka ng'ambo likiwa limetumika, mnunuzi anajua kanuni ya Kenya kwamba lisizidi miaka minane. Mwambie mwaka wake bila kuzungusha. Na kama spea zake zinapatikana Isiolo mjini na fundi yeyote wa jua kali anaweza kulifungua, hilo lina thamani kubwa kuliko kiyoyozi. Lipe mstari wake.

11. Peleka wimbo masikioni

Wheaties, nafaka ya kifungua kinywa, ilitangazwa kwa wimbo redioni Minneapolis mkesha wa Krismasi 1926, na mtindo huo ukasambaa duniani. Redio bado ndiyo njia kuu kwetu: Baliti FM ya Isiolo, Serian FM ya Maralal kwa wasikilizaji wa Kisamburu. Uliza kipindi gani watu hukisikiliza wakiwa wametulia, jioni mifugo ikisharudi, na ununue hapo hata kama ni ghali kidogo.

Usiishie redioni. Gari lenyewe lifungwe spika, lizunguke siku ya soko, likiwa na mzigo halisi mgongoni. Wape wimbo vijana wa bodaboda na wenye vibanda vya kuchaji simu, kwa faili ndogo isiyokula bando. Kinachosafiri kwa simu kutoka mtu hadi mtu hufika manyatta ambayo hakuna redio iliyofika.

12. Jaribu kwa watoto, kisha kwa wazee

Kabla ya kulipia hata sekunde moja ya hewani, cheza wimbo mara tatu karibu na kisima au dukani, usiseme lolote, uondoke. Rudi jioni. Watoto wakiwa wanaimba kibwagizo, muziki uko sawa. Kisha mwendee mzee aliyekuwa amekaa pale, umwamkie, umuulize mambo matatu: gari linabeba nini, linauzwa kiasi gani, na mtu akilitaka aende wapi. Akijibu mawili, rekebisha mistari ya lile la tatu. Akiimba kibwagizo vizuri lakini hajui bei wala mahali, una wimbo mzuri lakini tangazo bado huna. Rudi kwenye ile mistari 12, uanze na ule wa mahali.